Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Soka Letu: Turudishieni Mechi ya Ngao

Kwa Waheshimiwa Mwenyekiti, Katibu na wanakamati mnaosimamia ligi na kombe la mitaa yetu,
Mombasa.

Assalamu alaykum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe.

YAH: MECHI YA KUFUNGUA MSIMU BAINA YA BINGWA WA LIGI NA MSHINDI WA KOMBE

Mimi ni mweka hazina na mtunza jezi wa timu ya Likoni iliyotwaa kombe msimu uliopita. Kazi hii nimeifanya miaka tisa bila mshahara, na sijawahi kujuta.

Nimewaandikia barua tatu. Ya kwanza nilimkabidhi Katibu mkononi, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa simu, nikaona imesomwa. Ya tatu niliileta pamoja na nahodha wetu. Tulikaa kwenye benchi la nje tangu saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, tukaambiwa mko kikaoni, tukarudi zetu kivukoni. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu. Sikupenda tufike hapa. Baadhi yenu nawajua tangu mkicheza wenyewe pale Serani, na mmoja wenu jezi yake niliifua kwa mikono hii.

Kwa wasioijua mechi yenyewe: kabla ligi haijaanza, bingwa wa ligi ya msimu uliopita hukutana na mshindi wa kombe. Mchezo ni mmoja tu, na anayeshinda anaondoka na ngao. Ngao yetu haikununuliwa dukani. Ilichongwa kwa mvule na fundi wa hapa hapa Likoni, upana wake kama sinia la pilau, na pembeni ina vibati vidogo vya shaba ambavyo kila mwaka huandikwa jina la mshindi. Usiku wa kuamkia siku ya ngao huku ng'ambo hatulali. Akina mama huanza kukaanga viazi karai na bajia alfajiri, watoto wanapakwa rangi za timu mashavuni, na aliyehamia Nairobi huomba ruhusa kazini aje. Kisauni nako ni vivyo hivyo. Na mwaka huu bingwa wa ligi ni Kisauni, mshindi wa kombe ni sisi, kisiwa kizima kikabaki katikati yetu kikisubiri.

Malalamiko yangu ni haya.

1. SIKU NA SAA

Mechi ilitangazwa kuwa Jumapili, saa kumi jioni. Hakuna aliyelalamika. Alhamisi usiku ikaja habari kwenye kikundi cha WhatsApp cha makocha kwamba imeahirishwa, na sababu haikutajwa. Siku nne baadaye tukapewa siku mpya: Ijumaa, saa saba mchana.

Waheshimiwa, Ijumaa saa saba mchana, hapa Mombasa! Zaidi ya nusu ya wachezaji wa timu zote mbili saa hiyo wako msikitini, na waliobaki wako kazini, bandarini, mahotelini, sokoni Kongowea. Nilipiga simu papo hapo. Nashukuru mlinisikia, mkaifuta Ijumaa. Lakini badala yake mkatupa Jumamosi saa tatu asubuhi, na habari hiyo tuliipata saa tano ya usiku wa kuamkia Jumamosi yenyewe. Jezi zilikuwa bado mbichi kambani. Nilizipiga pasi mpaka saa nane usiku, na zile za makipa za mikono mirefu nikazitandika mbele ya feni. Kocha naye alizunguka na bodaboda nyumba hadi nyumba akiwaamsha vijana. Wawili hatukuwapata kabisa: mmoja alikuwa zamu ya usiku, mwingine amekwenda Msambweni mazikoni.

Ninajua jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri kwa sababu nimeliona kwa macho yangu. Agosti 2023 nilipanda basi hapa Likoni, nikapita Lungalunga na Horohoro mpaka Tanga kwa shemeji yangu, kutazama Ngao ya Jamii ya Tanzania. Mwaka huo waliipeleka Uwanja wa Mkwakwani, na walialika timu nne, Yanga, Simba, Azam na Singida Fountain Gate. Fainali ilikuwa Jumapili tarehe 13, Simba na Yanga, sare tasa, na Simba wakashinda kwa mikwaju ya penalti 3–1. Matokeo kila mtu aliyapokea kwa moyo wake, lakini siku niliijua kabla sijakata tiketi ya basi, na haikubadilika. Mama muuza chapati nje ya uwanja aliijua. Dereva wa bajaji aliijua. Tanga si mji mkubwa kuliko Mombasa.

2. UWANJA

Tuliahidiwa uwanja wenye nyasi na ukuta. Siku ilipofika tukaelekezwa kiwanja cha changarawe, tukakuta lango lina kufuli na mlinzi hana habari yoyote. Lilifunguliwa saa nne kasorobo. Magoli hayakuwa na nyavu. Chokaa haikumwagwa, na kwenye kona ya upande wa barabara kulikuwa na rundo la vifusi. Refa akaambiwa achezeshe dakika 30 kila kipindi, kwa kuwa kiwanja kilikuwa kimekodishwa kwa sherehe. Kipindi cha pili dakika ya 22, tukiwa sare 1–1, watu wa mahema wakaanza kupanga viti nyuma ya goli letu. Mechi ikavunjwa hapo.

Mtaniambia viwanja Mombasa ni haba, na mtakuwa mmesema kweli. Uwanja wa Manispaa umekuwa kwenye ukarabati miaka na miaka. Hata Bandari, klabu kubwa ya hapa Mombasa, walipocheza Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2019, wageni wao waliwakaribishia Nairobi, na sisi mashabiki wa Pwani tukabaki kuwasikiliza redioni. Lakini kama kiwanja ni haba, ndiyo kinapaswa kukodiwa mapema, kulipiwa na kutolewa stakabadhi. Waingereza mechi yao ya ufunguzi huchezwa Wembley. Mwaka 2012, wakati wa Olimpiki, waliipeleka Villa Park. Mwaka 2022 Wembley ilikuwa inangoja fainali ya Kombe la Ulaya la wanawake, wakaipeleka Leicester. Walihama, lakini walihama kwa mpango, na aliyekata tiketi alijua aende wapi.

3. KIJANA WETU

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na naomba mniwie radhi nikirefusha.

Winga wetu wa kushoto ana miaka 19. Aliukimbilia mpira uliokuwa unatoka, na kwa kuwa hakukuwa na mstari, hakujua kwamba amefika mwisho wa kiwanja. Mguu ukaingia kwenye shimo la nguzo ya zamani, akaangukia bega. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, nimeshika ndoo ya maji, na ule mlio niliusikia. Hakulia. Alinitazama tu akasema, "Mama, mkono hauji."

Machela hakuna. Mtu wa huduma ya kwanza hakuna, wala sanduku lenye hata bandeji moja. Niliufunga mkono wake kwa leso niliyokuwa nimejitanda, tukampakia kwenye tuktuk, na mimi nikakaa nimemkumbatia upande wa pili asiyumbe. Dereva, Mungu ambariki, alikwenda mwendo wa kobe, lakini kila tulipofika kwenye tuta kijana aliuma kola ya jezi. Nilipoifua jioni ile jezi nilikuta kola imechanika.

Mtulinga umevunjika. Kazi yake ni kupaka rangi nyumba, kazi ya kuinua mkono, na wiki ya sita sasa amekaa kibarazani kwao. Matibabu yamegharimu shilingi 6,500, na zimetoka mfuko wa timu, mfuko ambao tulikuwa tunauwekea mipira mipya.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwenye jambo hili. Fomu yenu ya kusajili timu ina mstari uliochapishwa "Bima ya wachezaji, shilingi 2,000". Tulilipa. Stakabadhi ninayo. Kwenye barua zangu zote tatu nimeuliza swali moja tu: bima hiyo ni ya kampuni gani, na nambari yake ni ipi, ili mama wa huyu kijana apeleke madai? Hamjanijibu. Kama bima ipo, nipeni nambari leo. Kama haipo, semeni haipo, na mwaeleze watu wote waliolipa zile elfu mbili zilikwenda wapi.

4. PESA ZA MLANGONI

Mlitupa tikiti 300 tuuze, kila moja shilingi 100. Akina mama wa mtaa walizigawana wakauza 212, nyingine mlangoni kwa watu, nyingine palepale kwenye foleni ya feri. Shilingi 21,200 zikatumwa kwenu kwa M-Pesa siku mbili kabla ya ile Jumapili ya kwanza. Wenzetu wa Kisauni nao walituma zao. Tuliambiwa mapato yatagawanywa sehemu tatu: timu mbili, waamuzi, na kituo cha watoto yatima. Mpaka leo timu hazijapokea kitu. Refa aliniambia mwenyewe kwamba yeye na washika vibendera wake waliondoka na nauli tu. Kituo cha watoto nilikwenda kuuliza kwa adabu, wakanijibu kwamba hawajasikia habari hiyo.

Tena tikiti zile hazikurudishiwa mtu pesa mechi ilipohama. Aliyenunua kwa ajili ya Jumapili na Jumamosi asubuhi yuko kazini, amepoteza mia yake. Wananisimamisha mimi njiani. Mzee mmoja muuza kahawa, ambaye alinunulia wajukuu wake wanne, ananiuliza kila nikipita na birika lake, na mimi sina la kumwambia. Nimeanza kupita njia ya nyuma.

Mkiona napiga kelele kwa pesa ndogo, nawakumbusha walivyofikishwa Waingereza. Mechi yao hii ilianza mwaka 1908 kwa jina la ngao ya hisani, kwa kuwa mapato yake yalikuwa ya kusaidia wenye shida. Miaka karibu mia ikapita, ndipo ikabainika kwamba chama chao cha soka hakikuwa kikionyesha ni kiasi gani cha pesa ya tikiti kinakwenda kwenye hisani, na malipo kwa mashirika yalikuwa yakichelewa. Jina likabidi libadilishwe. Kuanzia 2002 inaitwa Ngao ya Jamii, jina hilo hilo wanalolitumia Watanzania. Kama chama kikubwa kama kile kilibanwa kwa sababu ya hesabu za mlangoni, na sisi wa hapa tuna haki ya kuuliza.

5. MATOKEO NA NGAO

Mlisema matokeo "yataamuliwa baadaye". Ligi imeanza, na tumeshacheza raundi tano. Ngao niliiona siku ile tuliyokaa kwenye benchi, kupitia mlango uliokuwa wazi. Imelazwa sakafuni chini ya meza, juu yake kumewekwa maboksi ya karatasi. Kibati cha mwaka huu ni kitupu. Na cha mwaka jana pia ni kitupu, wakati mwaka jana mshindi alipatikana ndani ya dakika 90 na sote tulimwona.

6. AKINA MAMA NA WATOTO

Kiwanja kile hakina choo. Sitaeleza zaidi, mnaelewa.

Sasa nije kwenye majibu ambayo tayari nimeyasikia pembeni, ingawa kwa maandishi sijapewa hata moja.

Lipo la kwamba hii ni mechi ya bonanza tu, haina pointi, tusiikuze. Waheshimiwa, waulizeni watu wa Mombasa kama Super Cup ya mwaka 2016 ilikuwa bonanza. Bandari walikuwa wametwaa kombe la taifa 2015, wakakutana na bingwa wa ligi, Gor Mahia, wakachukua taji. Mpaka leo utasikia likitajwa vibarazani. Waulizeni vijana wa Kariobangi Sharks, timu ya mtaa kama sisi, walivyoifunga Gor Mahia katika mechi kama hiyo Desemba 2018. Kwa timu ndogo, hii ndiyo siku moja ya mwaka ambapo kombe ulilolipigania kwa mechi chache linakusimamisha sawa na aliyekimbia ligi nzima. Vijana wetu walingoja siku hiyo miezi minne. Nahodha alinyoa nywele. Winga niliyewaeleza alinunua njumu mpya kwa mkopo, na bado anazilipia.

Lipo la kwamba hamna fedha. Nakubali soka la mitaani halina mfadhili, na nawapa pole kwa hilo kwa dhati, maana hata mfuko wetu naujua ulivyo. Lakini kumwaga chokaa hakuhitaji mfadhili. Kutangaza siku wiki tatu mapema hakuhitaji mfadhili. Machela ya kuazima, na mtu mmoja wa huduma ya kwanza, ni mambo ya kuandika barua na kuomba. Na zile 21,200 zilikuwepo.

Lipo la kwamba ratiba ya taifa inawabana. Mechi za Ligi Kuu zimekuwa zikitangazwa kabla, nanyi mlikuwa nazo mkononi mlipopanga Jumapili ile ya kwanza. Isitoshe hakuna mchezaji hata mmoja kati ya wetu na wa Kisauni aliyeitwa popote wiki hiyo.

Na lipo la mwisho, linaloniuma: kwamba nafanya hivi kwa sababu ni mtu wa Likoni na nilitaka ushindi wa mezani. Sitaki ushindi wa mezani. Nimezungumza na mweka hazina wa Kisauni, tumesoma barua hii pamoja kwenye simu mstari kwa mstari, na yeye ndiye aliyeniambia niongeze habari ya bima. Wao pia walilipa 2,000. Watoto wetu wakikutana uwanjani watanyukana vizuri tu, lakini katika hili tuko upande mmoja.

NINACHOOMBA

(a) Nambari ya bima na jina la kampuni, ndani ya siku saba. Kama haipo, mfuko wa timu urudishiwe shilingi 6,500 alizotibiwa kijana, naye apewe fidia ya wiki alizokaa bila kazi. Hili ni la kwanza, na lingine lolote linaweza kusubiri nyuma yake.

(b) Hesabu ya mapato ya tikiti ya timu zote mbili, iliyoandikwa na kutiwa sahihi, ibandikwe kwenye mlango wa ofisi na itumwe kwa kila timu. Tikiti zilizouzwa zitambuliwe kwenye mechi ya marudiano, na asiyeweza kuja arudishiwe mia yake.

(c) Mechi ichezwe upya, dakika 90, Jumapili jioni, siku itangazwe si chini ya wiki tatu kabla, kwenye kiwanja chenye mistari, nyavu, choo na machela. Ikifika sare, penalti. Sisi tuko tayari kumwaga chokaa wenyewe, na Kisauni wamesema wataleta nyavu.

(d) Kuanzia msimu ujao siku ya ngao iandikwe kwenye kanuni: Jumapili ya mwisho kabla ya raundi ya kwanza ya ligi. Isihamishwe bila kuzisikiliza timu zote mbili.

(e) Ngao itolewe chini ya meza. Kibati cha mwaka jana kiandikwe. Fundi aliyeichonga ametangulia mbele ya haki, lakini mwanawe anafanya kazi hiyo hiyo na amekubali kuuandika ule mwaka bila malipo.

Mwenyekiti, nakuomba wewe binafsi, kama ndugu yangu mkubwa uliyenifundisha mimi kujaza fomu ya kwanza ya usajili wa timu hii, usiipeleke barua hii kwenye kikao cha kutafuta nani amewaaibisha. Hakuna jina la mtu ndani yake, na nimefanya hivyo makusudi. Mnaweza kulimaliza jambo hili bila yeyote kuvuliwa nguo.

Vishina vya tikiti 212, tikiti 88 zilizobaki, nakala za ujumbe wa M-Pesa na stakabadhi ya bima vyote ninavyo kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na daftari lenye majina ya walionunua. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuja navyo ofisini, mimi na mweka hazina wa Kisauni na mama wa yule kijana. Yeye hajawahi kufika huko, na amenieleza kwamba ana jambo moja tu la kuuliza. Naomba mtupokee.

Wenu katika soka,

Mweka hazina na mtunza jezi,
Timu ya washindi wa kombe,
Likoni, Mombasa.